Mwaka Dagaa Walipotoweka Kapuni

Nyinyi mnaokuja kuchukua mkoba wangu wa bei, kwanza tafuteni penseli. Msicheke. Mwezi wa Januari kalamu ya wino huganda kati ya mlango wa gari na mlango wa duka. Ukiitia mdomoni ipate joto, midomo inageuka bluu, na mwenye duka anakuuliza kama unaumwa. Mimi nimeulizwa mara mbili, na mara ya pili nilirudi nyumbani nikajipima homa, maana nilianza kuwa na wasiwasi kwamba labda kweli naumwa.

Nimestaafu kazi hii. Najua neno kustaafu linachekesha kwa mtu wa miaka thelathini na moja, ambaye mama yake bado anampigia simu kutoka Mwanza kuuliza kama amevaa sweta. Lakini miaka saba ya kuzunguka na mkoba ule, karibu yote ya muongo huu wa 2010, inanitosha. Nakwenda kufundisha hesabu shuleni, mahali ambapo majibu yako nyuma ya kitabu.

Kazi yenyewe mnaijua kwa juu. Kila mwezi unapita kwenye maduka ya vyakula vya nyumbani hapa Minneapolis na Saint Paul na vitongoji vyake, unaandika bei za vitu vilevile, na mwisho wa mwaka unasema chakula cha wazee wetu kimepanda kwa kiasi gani. Watu hudhani kazi ni kuandika bei. Kuandika bei ni matembezi tu. Kazi ni kuamua utaziunganishaje zile bei mpaka zitoke namba moja, na hapo ndipo fomula zinapoingia, na hapo ndipo mimi nilipokuwa nikipoteza hamu ya kula.

Aliyenifundisha ni Bi Zuhura. Ni mtu wa Tanga, alikuja huku kusoma wakati mimi sijazaliwa, akabaki na takwimu. Penseli yake aliichomeka kwenye hijabu, juu ya sikio, na juu ya yote alivaa koti kubwa la baridi lenye mifuko saba. Siku yangu ya kwanza nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanipa mzani mdogo wa jikoni.

"Huu wa nini, Bi Zuhura?"

"Wa kupima. Pakiti ya unga imeandikwa kilo mbili, wewe usiamini, pima. Bei ikikaa palepale miezi sita, ujue mfuko umepungua."

Hiyo ndiyo sheria ya kwanza niliyoipata, na bado ni nzuri kuliko nyingi nilizosoma chuoni. Mzani upo kwenye mfuko wa mbele wa mkoba. Betri zake ni zile ndogo za mviringo, nunueni za akiba.

Kosa langu la kwanza kubwa lilitokea Hopkins. Kuna duka pale la Mkenya mmoja, Njoroge, mtu wa maneno mengi. Mwezi mmoja pakiti ya dagaa kwake ilitoka dola nne ikawa nane. Mwezi huohuo duka moja la kitongoji cha New Hope, lililokuwa likiuza nane, likashusha mpaka nne. Mimi nikarudi ofisini, nikachukua kila duka na uwiano wake: Hopkins bei imekuwa mara mbili, New Hope imekuwa nusu. Mbili jumlisha nusu, gawa kwa mbili, ukapata moja na robo. Nikaandika kwa mwandiko mzuri kwamba dagaa wamepanda kwa robo. Njoroge alipopita ofisini akauona mchoro wangu ukutani, alishika kiuno.

"Madam wa bei, hebu ni-explain-ie pole pole. Mimi nimepanda, yule wa New Hope ameshuka. Tume-swap tu! Hiyo robo imetoka wapi, imeshuka na snow?"

Nikamweleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia aibu ikipanda shingoni. Kweli hakuna kilichopanda. Mteja akienda duka lililo nafuu, bado anatoa dola nne zilezile. Ile robo ilizaliwa na fomula yangu peke yake. Bi Zuhura hakunigombeza. Alinionyesha tu kwamba ukizidisha uwiano badala ya kujumlisha, mbili mara nusu, kisha ukatafuta kipeuo cha pili, unapata moja kamili, yaani hakuna mabadiliko. "Fomula zingine zina tabia ya kuongeza chumvi zenyewe," alisema. "Lazima ujue ni ipi." Njoroge naye tangu siku hiyo kila nikiingia ananiuliza, "Leo tumepanda kwa robo ama nusu?"

Sasa niwaambie habari ambayo Bi Zuhura amenitaka niiandike kabla sijaondoka.

Pale New Hope kuna kituo cha mchana cha wazee. Wengi ni wa kutoka mashariki ya Kongo, wengine wamepitia kambi za Kigoma, na wapo Watanzania na Wakenya wachache. Jiko lake linaendeshwa na Mama Riziki, mzaliwa wa Uvira, mwanamke mwenye mikono mikubwa na sauti inayofika maegesho ya magari. Wazee wengine hawachezi karata wala hawafanyi mazoezi ya kuketi vitini. Wanakuja kwa sababu saa sita kamili kuna bugali wa moto, yaani ugali kwa Kiswahili chao. Nimeona mzee aliyekuwa hajasema neno wiki nzima akafunua sufuria, akavuta harufu na kuanza kusimulia juu ya dada yake.

Mwaka ninaouzungumzia, wafadhili walituma barua. Fungu la chakula la kituo litaongezwa ikiwa ripoti yetu itaonyesha bei zimepanda kwa asilimia kumi au zaidi. Isipofika, haliongezwi, na bila nyongeza jiko haliwezi kuendelea: litafungwa, na chakula kitaletwa na kampuni kwenye visanduku. Niliuona mfano wa kisanduku hicho. Mkate, jibini, tufaha moja. Baridi.

Mwaka huohuo nilikuwa nimeboresha fomu. Zamani Bi Zuhura alikuwa akikaa na wazee, anawauliza kwa mdomo wananunua nini nyumbani na kiasi gani, anaandika. Mimi, msomi, nikatengeneza fomu ya kwenye tableti yenye visanduku vya kubonyeza: Samaki. Nyama. Mboga. Unga. Vya friza. Niliitafsiri kutoka fomu ya Kiingereza neno kwa neno na nikajipongeza.

Nilipokusanya majibu, nikakokotoa kwa fomula mbili za kawaida. Fomula zenyewe zina majina ya watu wa Ulaya waliokufa zamani, lakini mimi huziita kapu la jana na kapu la leo. Shikeni mfano huu, ni mdogo makusudi. Mwaka jana bibi alinunua pakiti kumi za dagaa na mifuko kumi ya majani ya mchicha, kila kimoja dola tano. Jumla dola mia. Mwaka huu dagaa wamefika dola kumi, majani yamebaki tano. Kapu la jana linauliza: vitu vilevile vya mwaka jana, leo ni bei gani? Mia na hamsini. Bei zimepanda kwa nusu. Lakini tuseme bibi naye ana akili, mwaka huu amenunua pakiti mbili tu za dagaa na mifuko kumi na minane ya majani. Kapu la leo linauliza: hivi anavyonunua sasa, mwaka jana vingekuwa bei gani? Mia. Leo ni mia na kumi. Bei zimepanda kwa sehemu moja ya kumi tu.

Bei ni zilezile, bibi ni yuleyule, lakini majibu ni mawili. Ipo na fomula ya tatu, inayozidisha yale mawili na kutafuta kipeuo cha pili, ikakaa katikati. Kwenye mfano wetu ni kama asilimia ishirini na nane.

Kwa wazee wa New Hope hali ilikuwa hiyohiyo. Fomu zilionyesha dagaa, niliowahesabu ndani ya kisanduku cha samaki, karibu wametoweka na kisanduku cha mboga kimefura. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Kitabu changu cha chuo, mwaka wa pili, kilisema kitu kikipanda bei watu huhamia kingine, na hao hapo wamehama. Kisha nikatazama matokeo ya vyakula vyote. Kapu la jana lilipita kumi vizuri. Kapu la leo halikufika hata karibu. Na ile ya katikati ilikomea chini ya kumi kwa unywele.

Kwa hiyo jiko la Mama Riziki lilikuwa limekaa juu ya kidole changu. Nikibonyeza fomula hii linabaki, nikibonyeza ile linafungwa, na zote ni fomula halali zinazofundishwa vyuoni. Siku tatu nilizunguka na jambo hilo. Nilikosa njia ya kutokea kwenye barabara kuu nikafika Maple Grove bila kukusudia, nikanunua soksi ambazo sikuzihitaji ili safari iwe na maana. Siku ya nne nikamwambia Bi Zuhura nimechagua kapu la jana.

"Kwa nini?"

"Ni rahisi kueleza. Na ofisi nyingi zinalitumia."

"Haya. Na ungelichagua kama lingetoa namba ndogo?"

Nikaanza kunyoosha karatasi zilizokuwa zimenyooka.

"Neema, mwanangu, umechagua fomula au umemchagua Mama Riziki?"

"Bi Zuhura, wakila mkate baridi na fomula yangu iko sahihi, itakuwa imewasaidia nini?"

"Na wafadhili wakigundua mwakani kwamba unachagua fomula kwa kuangalia jibu, nani atakuamini tena ukisema bei zimepanda? Wazee watakosa jiko, na watakosa na wewe." Alichomoa penseli kwenye hijabu. "Kaa. Andika swali tunalojibu. Usiandike namba hata moja."

Nilikaa. Swali lilikuwa hili: mzee anahitaji kiasi gani zaidi mwaka huu ili ale vizuri kama alivyokula mwaka jana? Nilipoliandika, kapu la jana likaonekana linamlazimisha bibi kununua vilevile hata kama ameona cha nafuu kinachomridhisha. Kapu la leo nalo linajifanya hakupoteza chochote alipohama. Lile la katikati linasikiliza yote mawili. Sababu zilikuja zenyewe, na zote zilielekea kwenye jibu nisilolitaka. Niliandika barua fupi kwa wafadhili kwamba ripoti yetu itatumia fomula ya katikati, mwaka huu na miaka ijayo. Nikaweka sahihi. Bi Zuhura akaituma palepale kabla sijaanza kufikiri tena, maana ananijua.

Kisha nikaendesha mpaka New Hope nikamwambie Mama Riziki mwenyewe. Sikutaka aisikie kwenye karatasi. Njia nzima nilitunga sentensi ya kuanzia.

Nilifika saa sita. Foleni ya wazee ilikuwa imefika mlangoni, na Mama Riziki amesimama nyuma ya sufuria na upawa.

"Ma fille, binti yangu! Kuya, shika sahani. Leo mboga iko ya kusema asante."

"Mama, shikamoo. Nina jambo la kukueleza."

"Jambo halikimbie, bugali njo inapoa. Sahani!"

Nikashika sahani. Akaniwekea bonge la bugali, na kando yake akamimina upawa mzima wa dagaa, wale wa Tanganyika, wamepikwa na nyanya na vitunguu. Nikabaki nimesimama. Wazee nyuma yangu wakaanza kunung'unika.

"Mama Riziki, hii ni nini?"

"Mboga."

"Hii ni mboga?"

Akaweka upawa chini. "Donc kwenu mboga iko nini, ma fille? Iko kiti?"

Chumba kizima kikacheka. Mzee mmoja akaongeza kwamba kwa Watanzania wa Minnesota mboga lazima iwe na kijani, kama dola, wakacheka tena. Mimi nilikuwa nimeganda kama kalamu. Maana nimekulia Mwanza. Kila jioni ya utoto wangu niliuliza, "Mama, leo mboga gani?" na mama akajibu dagaa, au maharage, au nyama siku za sikukuu. Mboga ni kile unacholia ugali. Miaka minne ya kusoma uchumi kwa Kiingereza ilikuwa imenifuta hilo kichwani, na kwenye fomu yangu nikaandika mboga nikimaanisha majani peke yake, nikakipa kisanduku hicho bei ya kabichi na mchicha.

Nikamwuliza mzee aliyekuwa nyuma yangu, "Babu, kwenye ile tableti, dagaa za nyumbani ulizibonyeza wapi?"

"Kwa mboga. Kungekuwa wapi?"

"Na kisanduku cha samaki?"

"Samaki ni ile kubwa ya siku ya mungu. Ndagala si samaki, ni mboga."

Basi dagaa hawakutoweka. Walikuwa kwenye sahani za New Hope siku zote, wametoweka kwenye fomu yangu tu. Nilikula nimesimama, nikaacha tonge moja mezani, nikamwambia Mama Riziki jambo langu limebadilika.

Hapa ndipo nataka mnisikilize, wadogo zangu, kwa sababu ndipo nilipotaka kukimbia na habari njema. Nilimpigia simu Bi Zuhura nikiwa kwenye maegesho, napiga kelele. Alinisubiri nimalize.

"Vizuri sana. Sasa tafuta kosa lingine, linalokwenda upande usioupenda."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hili umelipata ukiwa na furaha. Mtu anayetafuta makosa ya upande mmoja hatafuti makosa, anatafuta jibu."

Nilikasirika, nikarudi ndani, nikakaa na wazee siku mbili nikiwauliza kwa mdomo kama zamani. Na nikalipata, likaniuma. Kwenye orodha ya vitu vya friza niliweka sombe na kisamvu, mistari miwili. Ni majani yaleyale ya muhogo. Sombe ni jina la Kongo, kisamvu ni la kwetu, na wazee waliopitia Kigoma wanayajua majina yote mawili. Ukiwauliza kama wanakula sombe, ndiyo. Kisamvu? Ndiyo pia, kwa nini wasile. Kwa hiyo majani ya muhogo, ambayo mwaka ule yalipanda sana, niliyahesabu mara mbili, na yalikuwa yamenipandishia namba. Nikafuta mstari mmoja nikiona namba inashuka.

Tukakokotoa upya tukiwa wawili, mlango umefungwa, chai ya tangawizi mezani. Dagaa wakiwa wamerudi mahali pao, kapu la jana na kapu la leo ambayo yalikuwa yameachana mbali yakasogeleana mpaka karibu kugusana. Wazee walipunguza dagaa kidogo tu. Wangepunguza nini, wakati ndiyo mboga yenyewe? Na fomula zote tatu, pamoja na ile ya katikati niliyokwisha kuiahidi kwa barua, zilipita kumi. Si kwa mbali. Zilipita.

Hilo ndilo ninalotaka mlibebe kuliko penseli. Mkiona kapu la jana na la leo yanagombana sana, msikimbilie kuamua ni lipi lina haki. Ugomvi ule mara nyingi ni habari kwamba kuna kitu kimeandikwa vibaya. Nilipoteza siku tatu na hamu ya kula nikichagua kati ya fomula, kumbe tofauti yenyewe ilikuwa ndani ya neno moja ambalo mama yangu alinifundisha kabla sijajua kuhesabu.

Nilirudi New Hope na ripoti. Mama Riziki alikuwa anaosha sufuria. Nikamweleza yote, fomula na makapu, na jinsi jiko lilivyokaribia kufungwa. Alifuta mikono kwa aproni akanitazama.

"Ngoja. Mwaka muzima weye ulifikiri bazee bangu banakula majani tu, kama mbuzi?"

"Ndiyo, Mama."

"Na hapa kwangu unakula kila juma."

"Ndiyo, Mama."

"Na hukuniuliza."

Akavuta kiti, akaketi, akasema nitoe ile tableti. Akanitaka nifute visanduku vyote vya samaki na nyama na mboga, kimoja kimoja, huku anaangalia kidole changu. Kisha akaniambia neno la kuandika mahali pake, nikaandika kama alivyolitamka, na limebaki hivyo mpaka leo ninapowakabidhi. Fomula mnaweza kuibadilisha mkiona sababu, mkaandika barua kabla hamjaona jibu. Mizani mtanunua mipya. Lakini swali la tano, lile lake, msiliguse. Linasema: Bugali ulikula na nini?